Kompyuta Ikiamka na Kumbukumbu ya Jana: Pima Kwanza Kabla ya Kulaumu Mtandao



Najua wengi wenu mnaingia hapa kutafuta nafasi za kupandia mahindi, kiasi cha mbolea kwa ekari au namna ya kuwabaini viwavijeshi vamizi mapema. Leo naomba mnivumilie. Nataka tuzungumzie jembe jingine ambalo maafisa ugani, watendaji wa vijiji na walimu tunalibeba kila siku, nalo ni kompyuta mpakato. Nitawaeleza kosa nililolifanya hapa Mpitimbi, lililowagharimu wakulima wangu siku tatu, na hatua za kufuata ili lisikupate wewe.

Ilikuwa mwezi wa 11, mvua za kupandia zikinukia. Tangu ruzuku ya mbolea ianze mwaka 2022, mkulima anatakiwa awe kwenye daftari la kidijitali ndipo anunue mbolea kwa bei ya ruzuku. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya msimu kuna kazi ya kuhuisha taarifa: nani kaongeza eneo, nani kabadilisha namba ya simu, nani amefariki na shamba limebaki kwa nani. Wakulima walikuja ofisi ya kijiji tangu asubuhi, wakakaa chini ya mwembe wakisubiri waitwe.

Mimi natumia kompyuta ya zamani yenye Linux. Betri yake imechoka, kwa hiyo nimezoea kuilaza usingizi mzito, ule unaoandikwa Hibernate kwenye menyu. Katika usingizi huo kompyuta huandika kwenye diski kila kilichomo kwenye kumbukumbu yake, kisha hujizima kabisa na haili umeme. Ukiiwasha, inarudisha kila kitu kama ulivyokiacha: madirisha, mafaili, hata sentensi uliyoiachia katikati. Kwetu huku umeme unapokatika bila taarifa, ni msaada mkubwa.

Siku ya kwanza asubuhi niliiamsha, nikaunganisha na hotspoti ya simu yangu, nikafungua mfumo. Ukurasa ukazunguka na kuzunguka. Ulipofunguka, nikajaza taarifa za mkulima wa kwanza na kubonyeza kutuma, ukazunguka tena mpaka ukakata. Kwa saa mbili nilimaliza watu wanne. Nikatoka nje nikawaambia maneno ambayo sote tumeyazoea: "Ndugu zangu, mtandao leo ni mbovu. Njooni kesho."

Mchana, kwa hasira, niliizima kompyuta kabisa na kuiwasha upya. Mtandao ukawa mzuri! Lakini watu walishaondoka. Nikajisemea kwamba asubuhi mnara unaelemewa na mchana unapata nafuu. Siku ya pili mambo yakawa yale yale, na mimi nikarudia maneno yale yale.

Siku ya tatu alikuwepo bibi mmoja ambaye alishakuja mara mbili kwa miguu, akiwa na mjukuu wake wa kumsaidia kusoma ujumbe wa simu. Nilipoanza kusema habari za mtandao, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza taratibu: "Bwana shamba, mbona huyu mjukuu wangu anaangalia mpira kwenye simu tangu tumefika, wala haukati? Huo mtandao uliokufa ni wa kwako peke yako?"

Watu walicheka. Mimi sikuweza kucheka. Simu ya yule kijana ilikuwa na laini ya kampuni ile ile niliyotumia mimi, na alikaa hatua kumi kutoka mezani kwangu. Kama mnara ulikuwa mbovu, ungekuwa mbovu kwetu sote.

Fikiria mkulima anakuja kwako na kusema, "Mahindi yangu yameliwa moyoni, nipe dawa ya viwavijeshi." Wewe huandiki dawa papo hapo. Unakwenda shambani, unafungua moyo wa mhindi na kumtazama mdudu kichwani. Ukiona alama ya Y iliyogeuzwa, na karibu na mkia madoa manne yaliyokaa kama pembe za mraba, huyo ni kiwavijeshi vamizi, aliyethibitishwa nchini mwaka 2017. Usipoziona, huenda ni bungua wa mabua, na ushauri unabadilika. Kazi hiyo ya kupima kabla ya kusema naifanya kila siku mashambani. Mezani kwangu sikuifanya hata mara moja kwa siku tatu.

Nikamwomba bibi na wenzake wanipe nusu saa. Twende hatua kwa hatua, nawe ufuate kwenye mashine yako.

HATUA YA 1: TENGANISHA NJIA NA JINA

Kila seva kwenye intaneti ina anwani ya namba. Sisi binadamu hatukariri namba, tunaandika majina kama tanzania.go.tz. Kwa hiyo kabla kompyuta haijaenda popote, huuliza kwanza: jina hili namba yake ni ipi? Utaratibu huo wa kuuliza huitwa DNS, nao ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Kabla yake, majina yote yalikuwa kwenye faili moja lililotunzwa Marekani, na kila kompyuta ilikuwa na nakala yake.

Ni kama mgeni anayeingia kijijini akimtafuta mtu. Humwendea balozi wa nyumba kumi na kuuliza, "Nyumba ya fulani ni ipi?" Balozi akimwonyesha, anakwenda. Barabara inaweza kuwa nzuri kabisa, lakini balozi akikawia kujibu, mgeni atachelewa hata kama ana pikipiki. Atakayemwona anachelewa atadhani barabara ni mbovu.

Fungua dirisha la amri uandike:

ping -c 4 1.1.1.1

Hapo unaijaribu barabara yenyewe kwa namba, bila kuuliza jina. Kwangu majibu manne yalirudi haraka, hakuna lililopotea. Barabara ilikuwa nzima. Kisha andika:

time getent ahosts tanzania.go.tz

Hapo unaiambia kompyuta itafute namba ya jina na ikutajie muda iliotumia. Mtandao ukiwa mzima, jibu linakuja kabla ya sekunde moja kuisha. Kwangu lilikuja baada ya sekunde tano na nukta kidogo. Nikarudia, tano tena. Nikajaribu jina jingine, tano tena.

Ukiona namba inajibu haraka na jina linachelewa, usimlaumu tena mwenye mnara. Tatizo liko kwa balozi.

HATUA YA 2: SOMA MUDA WENYEWE

Ile tano ilikuwa na maana. Mtandao dhaifu huyumba: mara sekunde mbili, mara nane, mara haujibu kabisa. Kuchelewa kwa kipimo kile kile kila mara ni dalili kwamba mtu anasubiri saa aliyopangiwa.

Kwenye Linux, programu inayouliza majina imepangiwa kusubiri sekunde 5 kwa kila balozi kabla ya kumwendea anayefuata. Inaweza kuwa na orodha ya mabalozi hadi watatu, nayo huanza na wa juu kila inapouliza. Kama wa kwanza hayupo, kila swali litaanzia kwenye mlango uliofungwa: hodi, sekunde tano, kimya, ndipo iende nyumba ya pili na kujibiwa mara moja. Swali linalofuata, inarudi tena kwenye mlango ule ule.

Sasa ukurasa mmoja wa mfumo unaweza kuita majina sita au saba: la mfumo, la picha, la maandishi na mengine. Zidisha kwa tano. Ndiyo maana ulizunguka mpaka ukakata.

HATUA YA 3: TAZAMA ORODHA YA MABALOZI

Andika:

cat /etc/resolv.conf

Kwangu ilitokea mistari miwili iliyoanza na neno nameserver. Wa pili ulikuwa 192.168.43.1, yaani simu yangu iliyokuwa ikinigawia intaneti. Huo ulikuwa sahihi. Wa kwanza ulianza na 10.8, nami niliutambua baada ya kuutazama kidogo. Ulikuwa wa mtandao wa ndani wa ofisi moja ya mradi ambayo nilikuwa nikiwasaidia takwimu nyakati za jioni. Ili kufikia mafaili yao nikiwa nyumbani, nilifungua ile njia ya faragha iitwayo VPN, kwa programu ya OpenVPN. Njia hiyo inapofunguka humweka balozi wake juu ya orodha, ili majina ya ndani ya ofisi yapatikane. Inapofungwa vizuri, humwondoa.

Hapo ndipo nilipojiona. Kila jioni nilipochoka nilikuwa naifunika kompyuta na kuilaza usingizi mzito, njia ikiwa bado wazi. Kompyuta iliandika kila kitu kwenye diski, pamoja na orodha ile. Asubuhi ilipoamka iliamini bado ni jana usiku. Nikakuta dirisha la VPN limejificha nyuma ya madirisha mengine likisubiri niandike nywila upya. Njia yenyewe ilishakufa, lakini balozi wake alikuwa bado juu ya orodha.

Na ule "mtandao mzuri wa mchana"? Nilipoizima kompyuta kabisa na kuiwasha upya, orodha iliandikwa upya bila VPN. Mnara haukuhusika. Nilikuwa nimeona mambo mawili yakienda pamoja nikayafunga kamba moja, kama mkulima anayesema dawa imemponyea mahindi, kumbe mvua ilinyesha usiku ule.

Zingatia hili: kama mashine yako inaonyesha mstari mmoja tu, nameserver 127.0.0.53, usidhani huna tatizo. Hiyo ni programu ya systemd-resolved iliyo ndani ya mashine yako, inayouliza kwa niaba yako. Ili kuwaona mabalozi wa kweli, andika:

resolvectl status

Tazama kila kifaa cha mtandao kina anwani gani. Ukikuta anwani ya mahali ulipokuwa jana, umempata mchawi wako.

HATUA YA 4: MPIME KILA BALOZI PEKE YAKE

Usihukumu kwa kukisia. Kama una programu ya dig, muulize kila mmoja kwa anwani yake:

dig @192.168.43.1 tanzania.go.tz

Chini ya jibu utaona muda uliotumika. Rudia kwa anwani ya kwanza kwenye orodha. Kwangu simu ilijibu papo hapo, na ile ya 10.8 haikujibu kabisa mpaka dig ikakata tamaa. Ushahidi ukawa umekamilika.

HATUA YA 5: TIBA YA PAPO HAPO

Nililirudia dirisha la VPN nikaifunga programu kwa Ctrl na C. Nilipotazama tena orodha, mstari wa kwanza ulikuwa umeondoka. Nikapima jina, jibu likaja kabla sijaondoa kidole.

Kama kwako mstari haujaondoka na mashine yako inatumia resolvconf, uondoe hivi (hakikisha jina la kifaa ni tun0):

sudo resolvconf -d tun0.openvpn

Wanaotumia systemd-resolved waandike:

sudo resolvectl revert tun0

Na kama orodha inasimamiwa na NetworkManager, zima mtandao na kuuwasha ili ijaze taarifa mpya:

nmcli networking off
nmcli networking on

Yote yakishindikana, zima kompyuta kabisa uiwashe. Hilo linasaidia, ila kumbuka kuwa halikuonyeshi chanzo. Mimi liliniponya siku mbili mfululizo na likanificha ukweli siku zote mbili.

HATUA YA 6: KINGA

Kinga ya kwanza ni mazoea: funga VPN kabla ya kuilaza kompyuta, kama unavyofunga bomba kabla ya kuondoka bustanini. Lakini mazoea husahaulika usiku ukiwa na usingizi, kwa hiyo mimi nimeiachia mashine ifanye kazi hiyo. Kwenye folda ya /usr/lib/systemd/system-sleep/ nimeweka faili dogo niliyoliita funga-njia, lenye maneno haya:

#!/bin/sh
if [ "$1" = "pre" ]; then
  pkill -x openvpn
  sleep 2
fi

Kisha nikaliruhusu litumike:

sudo chmod +x /usr/lib/systemd/system-sleep/funga-njia

Linux huyaita mafaili ya folda hiyo kila inapolala na kila inapoamka. Neno pre maana yake ni kabla ya kulala. Kwa hiyo VPN inafungwa kwanza, inapewa sekunde mbili za kumwondoa balozi wake, ndipo mashine inalala.

MAKOSA YA KUEPUKA

Utawasikia watu wakikushauri ufungue /etc/resolv.conf na kuandika nameserver 8.8.8.8 juu kabisa, basi. Kwa dharura inaweza kukuvusha. Lakini mara nyingi faili hilo huandikwa upya na programu nyingine, na siku ukirudi kwenye mtandao wa ofisi wenye majina yake ya ndani, balozi huyo wa nje hatayajua. Utakuwa umehamisha tatizo kutoka kijijini kwenda mjini.

Pia usichanganye ugonjwa huu na jirani yake. Kompyuta kuukuu inaweza kuamka na tarehe isiyo sahihi, na kurasa salama zikakataa kufunguka. Andika date uone. Kama tarehe si ya leo, anza kwa kuirekebisha.

TULIVYOMALIZA SIKU ILE

Nilirudi nje nikawaambia wakulima ukweli: mtandao ulikuwa mzima siku zote tatu, kosa lilikuwa kwenye kompyuta yangu, na mimi ndiye niliyewarudisha nyumbani bure. Sikuona aibu kubwa kama hiyo tangu nianze kazi. Mzee mmoja akasema, "Basi tuandike, jua linakwenda." Nikaanza na yule bibi. Taarifa zake zilichukua dakika tatu. Alibadilisha namba ya simu, maana ya zamani ilikuwa ya mwanawe aliyehama, na laiti tusingeibadilisha, ujumbe wa mbolea ungekwenda kwenye simu isiyo yake. Jioni tulikuwa tumemaliza wote waliokuwepo. Waliokata tamaa siku ya kwanza na ya pili niliwafuata vitongojini kwa pikipiki, mafuta nikajaza kwa fedha yangu. Ilikuwa haki yao.

Ndugu msomaji, sentensi ya "mtandao mbovu" ni rahisi sana kutamka, na mtu aliye upande wa pili wa meza hana namna ya kuipinga. Anaamini, anafunga kanga yake, anarudi alikotoka. Kwako ni siku moja imepotea. Kwake ni kilomita za miguu na siku ya kulima wakati mvua haimsubiri. Kwa hiyo kabla hujaitamka, andika zile amri mbili za hatua ya 1. Hazichukui hata dakika moja. Na kama huna kompyuta mbele yako, fanya kama yule bibi: tazama simu ya aliye karibu nawe.

Nakutakia msimu mwema na maandalizi mema ya shamba. Tukutane tena hapa, na safari ijayo tutarudi kwenye mahindi.